Idhini ya Pampu

Kisanduku kilikataa kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomchoma Mama Kaseti.

"Nisomee tena," alisema kwenye simu.

"Kimeandika hivi, Mama," binti yake alijibu kutoka mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa gari. "'Samahani. Faili hili ni la muziki. Kwa kulinda haki za msanii, haliwezi kufunguliwa na mtu aliye nje ya nyumba yako. Asante kwa kutuelewa.'"

"Muziki gani?"

"Ndivyo kinavyosema."

"Mwanangu, hiyo ni pampu ya maji inayoumwa. Nani anaweza kuucheza muziki huo?"

Binti hakucheka, na hapo mama yake akajua kwamba mambo si mazuri. Nyumbani walimwita Spana tangu siku alizokuwa anatambaa akiburuta spana namba kumi na tisa mkononi, wakati wenzake wakiburuta mwanasesere. Sasa alikuwa fundi wa majaribio kwenye mtambo wa maji wa mji ule, mwanamke peke yake katikati ya wanaume kumi na mmoja, na miezi yake tisa ya majaribio ilikuwa inaisha wiki hiyo. Alizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha stoo. Na kweli alikuwa stoo.

"Nisikilize, Mama. Pampu kubwa imeanza kunguruma tangu jana jioni. Injinia anasema beringi imekufa. Winchi inakuja saa nane mchana kuinyanyua mota. Wakishafungua tu, mji mzima unakaa siku nne bila maji, pamoja na hospitali. Mimi nikasema si beringi. Nikasema mbele ya watu."

"Ukasemaje hasa?"

"Nikasema mlio huu niliusikia nyumbani kwetu nikiwa na miaka saba, kwenye kaseti ya Baba. Wakacheka. Injinia akasema, 'Basi ilete hiyo kaseti kabla ya saa nane, tuisikilize sote. Usipoileta, kesho usije na ovaroli. Njoo kuchukua begi lako.'"

Mama Kaseti akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasorobo.

"Ni ile ya kokoto ndani ya debe," akasema.

"Hiyohiyo."

"Mia moja arobaini na mbili, upande wa pili. Usikate simu. Au kata, usimalize salio. Nitakupigia."

*

Jina la Mama Kaseti halikuwa la mzaha, ingawa lilianza kwa mzaha. Mumewe, Fundi Sikio, alizunguka miaka ishirini na sita akitengeneza mitambo: vinu vya kusaga, jenereta, pampu, mashine za kuchapa magazeti. Kila alikokwenda alibeba redio kaseti begani kama wengine wanavyobeba mwavuli. Alirekodi mashine ikiwa mgonjwa, akairekodi tena ikiwa imepona, na katikati yake akazungumza, akieleza anachokisikia na anachokigusa. Akirudi nyumbani alimkabidhi mkewe kaseti kabla hajavua viatu. Mke ndiye aliyeandika lebo, akatia namba, akajaza daftari. Zilifika mia tatu na kumi na mbili.

Halafu masikio yaliyojua tofauti ya shafti iliyopinda na shafti iliyolegea yakaanza kufifia, moja likitangulia na jingine likifuata. Sasa mwaka wa pili fundi yule alikuwa hasikii hata mlango ukibamizwa. Watu waliendelea kumwita Sikio. Wengine kwa mazoea, wengine kwa ukatili. Yeye hakusikia tofauti, alisema mwenyewe, na kila aliposema hivyo alicheka peke yake.

Spana alipopata kazi ya mbali, waliuza mashine ya kunolea ya Fundi ili wanunue kisanduku. Kilikuwa cheusi, hakizidi ukubwa wa tofali, chenye taa moja ya buluu. Kiliunganishwa na kompyuta na mtandao, na ahadi yake ilikuwa nyepesi kueleza: kila utakachokiweka ndani, aliye mbali atakivuta kama vile yuko sebuleni kwako. Kwa miezi minane Mama Kaseti aliziingiza kaseti kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, na hadi asubuhi hiyo Spana hakuwa amehitaji kuvuta hata moja. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Upande wa dakika arobaini na tano unachukua dakika arobaini na tano. Alikaa pale akishona vifungo, akimenya viazi, akisikiliza beringi zinazokufa na mumewe akizieleza, hadi yeye ambaye hakuwahi kushika nyundo akawa anajua mkanda unaoteleza ukipita barabarani kwenye gari la mtu.

Kompyuta ilimsumbua kwa jambo moja tu. Kwa kila faili ilimuuliza maswali mawili: msanii ni nani, na wimbo unaitwaje. Ukiacha wazi, haiendelei. Kwa hiyo aliandika mara mia sita na kitu, bila kuchoka: Msanii, Fundi Sikio. Wimbo, Beringi ya Nyuma Imekwisha.

*

Alianza na njia ya mkato. Aliisogeza simu kwenye spika, akaipiga kaseti ya mia moja arobaini na mbili kwa sauti kubwa hadi vijiko vikatetemeka mezani. Simu yake ilikuwa ya vitufe, iliyozoea maneno ya watu. Mngurumo iliukatakata.

"Nasikia kama mtu anasukutua mdomo," alisema Spana. "Na Baba anaongea ndani ya maji."

Akajaribu barua pepe. Ikakaa dakika kumi ikifikiri, kisha ikaurudisha mzigo ikisema umezidi.

Akamwendea mumewe. Fundi Sikio alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akipiga msasa mpini wa nyundo usiohitaji msasa. Kibao cheusi kilining'inia kwenye mkono wa kiti kwa kamba, pamoja na chaki. Mkewe akaandika: *Pampu ya Spana. Kokoto ndani ya debe. Injinia: beringi.*

Fundi akasoma, akakuna kidevu.

"Yeye Spana anasemaje?"

*Si beringi.*

"Basi abane valvu ya kutolea maji asikilize. Kokoto zikipungua, pampu ina kiu, maji hayaingii ya kutosha, akaangalie chujio. Zisipopungua, Injinia ana haki yake. Kwani shida ni nini?"

Mama Kaseti alipiga simu akayafikisha maneno hayo kama yalivyo. Alisikia Spana akitoka stoo, akitembea juu ya vyuma, akizungumza na mtu. Kisha akasikia sauti nzito ya mwanamume, bila shaka Injinia, wala haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira, isingeuma hivyo.

"Baba yako huyu ndiye yule uliyesema ni kiziwi?"

"Ndiye."

"Kiziwi anaipima pampu yangu kwa simu."

Vicheko vikafuata. Spana aliporudi kwenye simu alikuwa anapumua kwa pua.

"Umesikia, Mama?"

"Nimesikia."

"Usimwambie Baba."

"Sitamwambia."

Alipogeuka, Fundi alikuwa anamtazama usoni. Mtu asiyesikia hujifunza kusoma vitu vingine.

"Wamecheka," alisema Fundi.

Mama Kaseti akachukua chaki, akaishika, akaiweka chini bila kuandika kitu.

"Wana haki ya kucheka," alisema mumewe, akirudi kwenye mpini wake. "Hata mimi nisingekubali neno la mtu aliye mbali. Pampu haipimwi kwa maneno. Mpelekee kaseti. Humo nilikuwa na masikio."

*

Shemeji, aliyepigiwa simu, alifika saa tano na robo, shati limechomekwa vizuri, beji ya duka la vifaa vya umeme bado kifuani. Alikuwa mdogo wake Fundi na ndiye aliyewauzia kisanduku. Alikaa mbele ya kompyuta, akabofya huku na huku, akaegemea nyuma kwa raha ya mtu aliyegundua kwamba kosa si lake.

"Shemeji, kisanduku hakina ubovu. Kinafanya kazi yake."

"Kazi yake ni kumnyima mtoto sauti ya baba yake?"

"Kazi yake ni kuzuia wizi. Watu wanajaza humu nyimbo za wenyewe, wanazigawa dunia nzima kama karanga. Kwa hiyo waliotengeneza wameweka kufuli. Humu ndani ya nyumba sikiliza upendavyo. Ikitoka nje ya mlango, sauti yoyote, video yoyote, inazuiwa. Makaratasi na picha zinapita."

"Mbona hukuniambia ulipokuwa unauza?"

"Mliniuliza habari za nyimbo? Mliniambia kazi za fundi. Mimi nikajua kazi za fundi ni makaratasi."

"Miaka yote hii umekaa kwenye sebule hii unasikia jenereta zinakohoa, ukadhani ni makaratasi?"

Shemeji akacheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake.

"Basi irekodi kwenye sidii, ipande basi. Kesho jioni iko mikononi mwake."

"Kesho jioni atakuwa kwenye basi hilohilo anarudi nyumbani."

Shemeji akatoa kalamu, akaandika namba ya huduma kwa wateja pembeni mwa gazeti. Alisimama mlangoni akimtazama kaka yake, ambaye hakuwa amesikia hata neno moja na alikuwa amemsalimu kwa mkono tu.

"Mimi nilimwambia kaka zamani," alisema, "kwamba mambo ya kurekodi mashine ni kama kupiga picha moshi."

"Nenda kazini, shemeji," alisema Mama Kaseti. "Usije ukachelewa kuuza vingine."

*

Msichana wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti tamu, iliyokunjwa na kupigwa pasi.

"Tunashukuru kwa kutupigia. Mama, wimbo unaotaka kuutuma ni wako?"

"Si wimbo. Ni pampu."

"Sawa. Kwenye sehemu ya msanii pameandikwa nini?"

Mama Kaseti akakohoa kidogo. "Fundi Sikio."

"Na jina la wimbo?"

"Kokoto Ndani ya Debe."

"Asante. Je, una idhini ya maandishi kutoka kwa Fundi Sikio?"

"Fundi Sikio ni mume wangu. Yuko hapa, anakunywa chai."

"Vizuri sana. Basi naomba nizungumze naye, athibitishe kwamba yeye ndiye mwimbaji."

Mama Kaseti alifumba macho. Angeweza kueleza. Badala yake alivuka chumba, akaandika kwenye kibao, akampa mumewe simu. Fundi Sikio akaishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti, kwa kuwa sikioni isingemfaa kitu. Alijipangusa midomo kwanza. Akakaa wima.

"Habari za kazi, mwanangu. Mimi ndiye Fundi Sikio. Sikusikii, kwa hiyo usijisumbue kunijibu. Niliyerekodi ni mimi. Aliyeimba ni pampu. Pampu ile ilikuwa ya kiwanda cha sabuni, na kiwanda kilifungwa, na pampu yenyewe iliuzwa chuma chakavu. Kama idhini yake inatakiwa, sijui tutaipataje. Nakutakia siku njema."

Akarudisha simu. Upande wa pili pakasikika mtu akijizuia kucheka, na safari hii kicheko hakikuuma.

"Mama," alisema msichana, na pasi ikawa imetoka kwenye sauti yake, "nimemwelewa mzee vizuri. Lakini hata angekuwa pampu mwenyewe, mimi hapa sina swichi ya kufungua. Hakuna mtu mwenye swichi hiyo. Kisanduku hakichunguzi nani mwenye haki. Kinazuia sauti zote."

"Kwa hiyo ulikuwa unaniuliza idhini ya nini?"

"Yameandikwa kwenye karatasi, Mama. Huwa tunauliza."

*

Saa sita na dakika ishirini Spana akapiga.

"Winchi imefika mapema. Wanaifunga minyororo. Injinia amesema saa nane ni saa nane, lakini dereva anapiga honi kila mara kwa sababu analipwa kwa saa. Mama, nimeshakunja ovaroli."

"Ikunjue."

"Mama..."

"Ikunjue, uivae, ukae kwenye kompyuta ya ofisi. Nisomee unachokiona. Chote. Kuanzia juu."

Spana akasoma kwa sauti ya mtoto aliyelazimishwa kusoma. Kaseti ya kwanza, ina alama ya kufuli. Ya pili, kufuli. Ya tatu, kufuli. Mama Kaseti alifuatisha kwenye daftari kwa ncha ya kidole. Walifika hamsini. Wakafika themanini. Sauti ya Spana ilikuwa imeanza kukauka.

"Themanini na saba, kufuli. Themanini na nane, kinu cha kusaga, mkanda unateleza. Themanini na tisa..."

"Rudi. Themanini na nane ina nini?"

"Haina kitu."

"Haina kufuli?"

"Haina. Ina picha ya karatasi nyeupe. Nikiibofya haifunguki, lakini... ngoja. Inavutika. Mama, hii inavutika. Kwa nini hii inavutika?"

Mama Kaseti aliona aibu kwanza. Aliijua hiyo themanini na nane. Siku ile alikuwa ameshinda kwenye kompyuta tangu alfajiri, na alipokuwa anasahihisha jina alifuta kila kitu hadi mwisho: jina, nukta, na zile herufi tatu zinazofuata nukta kama mkia, akaandika upya jina peke yake. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika, kwa maana faili linaweza lisifunguke tena. Kwa uchovu akajibu ndiyo. Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyetunza kaseti mia tatu na kumi na mbili bila kupoteza hata moja hakutaka ijulikane kwamba ameharibu ile ya themanini na nane.

Kumbe hakuwa ameiharibu. Alikuwa ameivua mkia tu.

"Hakisikilizi," alisema polepole.

"Nini, Mama?"

"Hiki kisanduku. Hakisikilizi kitu chochote. Mimi nilidhani kimeisikia pampu kikaifananisha na ngoma. Hakikusikia. Kinasoma mkia wa jina tu, kama askari wa getini anayetazama viatu vya mtu asimtazame usoni."

Na hapo, katika sebule ile yenye kiti, kibao na taa ya buluu, hasira ilimjia safi kama maji ya kisima. Alimtazama mumewe, mtu aliyewahi kulala kifudifudi juu ya sakafu ya saruji usiku kucha, sikio kwenye bomba, ili asimwambie mwenye kinu uongo. Miaka ishirini na sita ya kusikiliza, halafu kitofali kisicho na sikio hata la kuazima kinamwita mwizi kwa herufi tatu.

Akaikamata namba mia moja arobaini na mbili, upande wa pili. Akafuta mkia wa jina lake, nukta na zile herufi tatu. Kompyuta ikauliza kama ana hakika.

"Sijawahi kuwa na hakika kama leo," aliiambia, akabofya.

"Mama," alisema Spana, na sauti yake ilikuwa imesimama wima. "Kufuli limetoka."

"Vuta. Ikifika, irudishie mkia, itafunguka."

"Inasema dakika arobaini."

"Saa ngapi huko?"

"Sawa na huko, Mama. Saa saba kasoro dakika tano."

"Basi kaa hapo usiguse kitu. Na usimruhusu mtu achomoe waya."

*

Dakika arobaini zile Mama Kaseti hakukaa. Alifagia pasipo na takataka. Fundi Sikio alisoma kibao, akakitazama kisanduku, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Kwa hiyo ukivua kofia hakikujui?"

*Hakikujui.*

"Na watu wameuza mashine zao za kunolea wakinunue," akasema, akacheka hadi akakohoa.

Saa nane kasoro dakika kumi na tano simu ikalia. Hakuna aliyesema halo. Spana alikuwa ameipiga na kuitumbukiza kwenye mfuko wa ovaroli, na Mama Kaseti akawa yuko ndani ya mfuko wa mwanawe, akisikia kitambaa kikisuguana, hatua juu ya vyuma, na sauti za wanaume.

"Spika za ukumbi wa mikutano unazipeleka wapi?"

"Kwenye pampu."

"Nani amekuruhusu?"

"Injinia alisema tuisikilize sote. Sote hatuenei kwenye spika ndogo."

Mtu akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Kisha mngurumo ukaja. Kwenye simu ile ya vitufe ulikuja umekatwakatwa, na Mama Kaseti hakuweza kujua ni wa pampu ya kule au wa kaseti, kwa sababu yote miwili ilikuwa imelala mmoja juu ya mwingine kama mikono ya watu wanaosalimiana. Alibaki ameishikilia simu kwa mikono miwili.

Wa kwanza kusema alikuwa dereva wa winchi, mtu asiye na upande.

"Si ni uleule," alisema.

"Nyamaza," ilisema ile sauti nzito.

Ndipo Fundi Sikio akazungumza, Fundi wa miaka kumi na tisa iliyopita. Maneno yalizama na kuibuka, lakini Mama Kaseti hakuyahitaji masikioni. Aliyajua kwa moyo. Midomo yake iliyafuata, na mumewe, akiwa kitini, akaisoma midomo ile akajikuta anasikiliza maneno yake mwenyewe: *Sasa nabana valvu ya kutolea. Polepole. Sikiliza kokoto zinavyopungua. Beringi iliyokufa haina adabu hii. Wewe bana, yenyewe inaendelea kupiga makelele. Hii si beringi. Hii ni pampu yenye kiu. Nenda kaangalie chujio.*

"Rudisha nyuma," alisema Injinia kule mbali.

Spana akarudisha. Maneno yakapita tena.

"Bana valvu," alisema Injinia.

"Nani, mimi?" Spana aliuliza.

"Kaseti ni ya nani?"

Hatua. Chuma kikilia kwenye chuma, mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Kwenye simu, mngurumo ulipungua kama mtu anayeondoka chumbani akiendelea kunung'unika, halafu ukabaki mvumo mwembamba. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mama Kaseti akachukua chaki. Aliandika kwa haraka hata herufi zikawa kama za mtoto wa darasa la kwanza. *ZIMEPUNGUA.*

Fundi Sikio alisoma, akarudisha macho kwenye mpini wa nyundo. Aliupiga msasa mara mbili, akauweka chini.

"Mwambie dereva wa winchi pole," akasema.

*

Kwenye chujio walitoa turubai zima, limejikunja kama shuka kwenye beseni. Ilichukua saa mbili na nusu. Mji ulikosa maji kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu, na wengi hawakujua. Spana alieleza hayo yote jioni kwa sauti ya mtu aliyelowa hadi kiunoni na anayejivunia kulowa.

"Injinia amesemaje?" mama yake aliuliza.

"Ameuliza Baba ana kaseti ngapi. Nikamwambia. Halafu akauliza kama kuna ya jenereta linalozima likipata joto."

"Mia mbili na sita."

"Nilimwambia nitauliza kwa mwenye daftari. Amesema niulize kwa heshima. Na amesema kesho nije na ovaroli."

"Uje saa ngapi?"

"Saa moja kamili, Mama, kama watu wengine."

Walipokata simu, taa ya buluu ya kisanduku ilikuwa inapepesa. Kitu kilikuwa kinaingia kutoka mbali. Mama Kaseti alikisoma kikiwa hakina mkia wala kufuli: *Kaseti 313*. Alikirudishia mkia, akakibofya. Sebule ikajaa mvumo wa pampu nzima, mnene, usio na kokoto hata moja, na juu yake sauti ya Spana ikieleza taratibu, ikipumzika palepale alipozoea kupumzika baba yake: nimesafisha chujio, nimewasha, sikiliza inavyokunywa sasa.

Mama Kaseti aliinyanyua spika moja, akaiweka mapajani mwa mumewe. Fundi Sikio akatandaza kiganja juu ya kitambaa cha spika. Akafumba macho. Akasogeza vidole, akakandamiza kidogo kwa kidole gumba, akainamisha kichwa upande wa kulia kama alivyokuwa akiinamisha zamani mbele ya mashine za watu.

"Valvu ya kutolea iko nusu," alisema. "Mwambie afungue yote."

Mkewe akapiga simu, akasema.

"Amejuaje?" Spana akauliza. "Kweli iko nusu. Niliogopa kuifungua yote. Mama, muulize amejuaje."

Mama Kaseti akaandika kwenye kibao: *Anauliza umejuaje.*

Fundi Sikio akafumbua jicho moja, akasoma, akafuta maandishi kwa mkono wa shati, akarudisha kiganja chake kwenye spika.

"Mwambie anyamaze," alisema. "Bado nasikiliza."